Mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi alale wapi Mwanza: kamba, godoro, mchanga au sakafu?

Saa nane mchana Kiboko yuko jikoni. Amejimwaga kwenye marumaru, tumbo chini, miguu ya nyuma kaitupa nyuma kama chura, kidevu kakiegesha kwenye kizingiti ili kale kaupepo kanakopenya chini ya mlango kampige puani. Ni German Shepherd wa manyoya marefu, ana kilo 38, na ukimtazama unaweza kuapa nusu yake ni manyoya matupu. Nje, bandani kwake, kuna godoro jipya nililomnunulia kwa mapenzi yote. Hajalikanyaga tangu kumepambazuka.

Hiyo ilikuwa mwanzoni, na godoro hilo ndilo lililoniingiza kwenye shughuli hii. Tangu hapo nimenunua, nimechongesha, nimechimba na nimetupa, na sasa naweza kulinganisha bila kubahatisha. Ninachoandika kinamfaa mtu anayefuga mbwa mzito mwenye manyoya ya tabaka mbili, yaani yale marefu ya juu na ile sufu laini ya chini inayong'oka na kuzagaa nyumba nzima. Kama wako ni wa kienyeji, mwembamba wa manyoya mafupi, wala usijisumbue. Huyo atalala hata juu ya jiwe na ataamka salama.

Kabla ya kutoa hela, elewa kwanza joto linatokaje mwilini mwa mbwa. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo kuliko letu. Hatoki jasho kama sisi, ukiacha kidogo sana kwenye nyayo. Kazi kubwa anaifanya kwa kuhema: maji yanakauka kwenye ulimi na njia ya hewa, na yanapokauka yanaondoka na joto. Hewa ikiwa nzito na ya unyevu, kama zile siku za Novemba mvua inapojikusanya juu ya ziwa halafu hainyeshi, kuhema kunamsaidia kidogo tu. Njia ya pili ni kulaza tumbo kwenye kitu kilichopoa, maana tumboni, kwenye kinena na makwapani manyoya ni haba. Hapo ndipo kitanda kinapoingia. Ama kinampa tumbo lake mahali pa kumwaga joto, ama kinamvisha blanketi kwa chini wakati la juu amezaliwa nalo.

(Na kabla hujaniambia, kama anavyoniambia kila mtu mtaani: "Si umnyoe tu?" Hapana. Manyoya ya tabaka mbili yakinyolewa, ngozi inabaki wazi kwa jua, na mara nyingine yanaota tena ovyo ovyo. Mchane. Chanuo la meno ya chuma, mara mbili kwa wiki, utoe ile sufu ya ndani iliyokwisha kufa. Jumamosi moja nilitoa ya kujaza mfuko wa sukari wa kilo mbili, na mbwa akabaki vilevile alivyokuwa.)

Godoro la sponji

Nilichukua godoro la futi 3 kwa 6, unene inchi 6, nikalikata nikabakiza futi 4. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni gumu, halibonyei hata ukilipandishia ng'ombe. Baada ya miezi minne lilikuwa na bonde katikati, na kiwiko cha Kiboko kilikuwa kinagusa saruji. Kosa lilikuwa langu pia, nilipima kwa kiganja. Dukani pima kwa goti: weka uzito wako wote kwenye goti moja, na likigusa chini, ujue kiwiko na nyonga za mbwa zitafika palepale. Mbwa akijilaza ubavu uzito wake hausambai kama wa mtu aliyelala chali. Unakaa kwenye nukta tatu nne za mifupa.

Lakini bonde halikuwa tatizo kubwa. Tatizo ni joto. Fanya jaribio hili usiku wowote: mbwa akiinuka kwenye godoro, weka kiganja pale alipolala. Utakuta pamoto, pana unyevu, na baada ya robo saa bado utahisi uvuguvugu. Sponji ni hewa iliyofungwa kwenye vitundu, na hewa iliyofungwa haipitishi joto. Manyoya yake yanafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ukimlaza humo umemfunika juu na chini, halafu unashangaa kwa nini saa tano usiku anakwaruza mlango wa jikoni.

Ile sponji ya bei mbaya inayobonyea taratibu na kushika umbo la mwili ndiyo mbaya zaidi kwa mbwa wa aina hii. Inalainika kwa joto lake, anazama, na kila upande wake unaguswa. Na lile karatasi la nailoni ambalo godoro huja nalo, ambalo wengi tunaliacha ili lisichafuke, litoe. Linamchemsha.

Hata hivyo godoro lina siku yake. German Shepherd ni katika mbwa wanaosumbuliwa sana na nyonga, na mbwa yeyote mzito akizeeka viungo vinadai. Ukiona mbwa wako anaamka kwa awamu, kwanza mbele, anapumzika, kisha nyuma, huyo anahitaji kitu laini, na hapo hoja ya joto inabidi isogee kidogo. Mpe sponji ngumu ya inchi 3, isizidi, iliyovalishwa foronya ya pamba unayoweza kuifua, na uiweke juu ya kitanda chenye hewa chini yake. Isikae juu ya sakafu ya banda.

Sakafu tupu

Ni bure, na kwa mbwa kijana mchana wa jua, sakafu ya ndani yenye kivuli inashinda kila kitu nilichowahi kumnunulia Kiboko. Nasema hivi nikiwa nimetumia hela nyingi, kwa hiyo niamini. Marumaru na saruji zinanyonya joto la tumbo haraka, na akihisi pale alipolala pamepata moto anajisogeza hatua mbili anaanza upya. Utamwona anazunguka chumba hivyo mchana kutwa. Usimfukuze jikoni.

Ila usiku kucha, mwaka mzima, kwa mbwa wa kilo 38, saruji inadai malipo yake. Viwiko vinaota sugu nyeusi zisizo na manyoya, na wengine kiwiko kinavimba na kujaa maji kama kifuko. Na masika unyevu unapanda kutoka chini. Saruji ya banda la mabati nayo si sawa na ya jikoni. Banda lisilo na dari sakafu yake inaoka kuanzia saa nne asubuhi, na ifikapo saa kumi haina tofauti na kikaango.

Mchanga

Huu nilidhani ndio mwisho wa safari, maana mbwa mwenyewe huchimba. Ukimwona anaharibu bustani saa saba mchana, anatafuta udongo uliopoa. Basi nikamwagia mchanga chini ya mwembe, nikauzungushia matofali, nikawa naunyunyizia maji kidogo adhuhuri. (Kuchimba shimo nilijaribu. Kwetu ukishuka mkono mmoja unakutana na jiwe, na jiwe la Mwanza halijadiliani na jembe.) Kwa ubaridi, nakiri, mchanga ulionyunyiziwa maji chini ya kivuli hauna mpinzani. Alikuwa anajifukia hadi mbavuni, macho yanafumba.

Wiki ya tano akaanza kulamba mguu wa mbele usiku kucha. Nilimgeuza, nikawasha tochi ya kichwani, nikamtanua vidole: katikati ya kidole cha pili na cha tatu kulikuwa na vidoa vitatu vyeupe, kila kimoja kina kitone cheusi katikati. Funza. Vitatu mguu huo, viwili wa pili. Nilikaa saa nzima na sindano niliyoipitisha motoni, yeye akiniguna kwa adabu. Mchanga mkavu wa kivulini ndio nyumba yao. Tena kuna nzi anayetaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo, na buu lake likimpata mbwa linajipenyeza ndani ya ngozi na kukulia humo kama jipu. Ongeza paka wa mtaa mzima waliougeuza choo, na mchanga uliofika hadi kwenye shuka zetu.

Kama una uwanja, una mti, na uko tayari kubadilisha mchanga mara kwa mara, endelea nao kwa mchana peke yake. Mimi nilikosa subira.

Mkeka wa jeli

Huu uliagizwa Dar ukaja kwa basi. Ni mfuko bapa wenye jeli ndani, hauhitaji umeme wala friji. Mbwa akilala jeli inapokea joto lake, na kwa nusu saa ya mwanzo ni raha tupu. Kisha jeli inafikia joto la mbwa, na kazi inaishia hapo mpaka ainuke upoe. Chumba kikiwa na nyuzi 29, na mkeka unaanzia hizohizo 29; hauna muujiza. Kwa mbwa anayekaa ndani ya nyumba, au kwenye gari safari ya kwenda Musoma, unasaidia. Kwa Kiboko ulidumu siku tisa. Alichimba kama anavyochimba mchanga, ukatoboka, na nikashinda asubuhi nikipangusa utelezi wa buluu sakafuni huku namchungulia kama ameumeza.

Maskini mwenzangu atasema loweka gunia la katani utapata kilekile. Ni kweli, mchana. Gunia bichi chini ya tumbo linampoza vizuri linapokauka. Usimlaze nalo usiku. Ile sufu ya ndani ikibaki na maji mpaka asubuhi ngozi inachubuka na kutoa vidonda vyenye harufu. Wala usimfunike nalo juu, linazuia joto kutoka.

Kitanda cha kamba

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, mzee wa heshima zake, nikamwamkia, nikamweleza nataka kitanda cha kamba cha sentimita 120 kwa 80, urefu kutoka chini sentimita 20. Akaandika vipimo kwa chaki kwenye bati. Kisha akauliza ni cha mtoto wa ngapi.

"Ni cha mbwa, mzee."

Akaiweka chaki chini. "Mwanangu, mimi nimeanza kulalia godoro nina miaka ishirini na tano. Huyo ana mingapi?"

"Minne."

"Haya," akasema, akaokota chaki.

Fremu ni ya skwea paipu ya inchi moja, iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na miguu imevalishwa vipande vya mpira wa tairi isikwaruze sakafu. Kamba ni manila ya milimita 8 kutoka kwenye maduka ya zana za uvuvi, zilezile zinazofunga mitumbwi. Hapa Mwanza hicho ndicho kitu rahisi kupata kuliko vyote. Katani niliikataa, inanyonya maji, inalegea, na mwisho inaoza.

Suko la kwanza fundi aliliacha na nafasi ya vidole vinne, akisema hewa ipite. Hewa ilipita, na mguu wa Kiboko ukapita pia. Alipiga kelele ambayo nadhani waliisikia Ukerewe. Tukafumua, tukasuka tena kwa nafasi ya vidole viwili, kwa kukatiza juu-chini, na tangu hapo hajanasa. Watu waliniambia nitumie kipande cha wavu mkuukuu badala ya kamba. Nilijaribu siku tatu. Kucha zinanasa kwenye macho ya wavu, anavuta kwa hofu, na unaweza kumkuta ameng'oa ukucha. Wavu uache ufanye kazi yake ya samaki.

Turubai nalo lina wapenzi wake. Ni rahisi kufunga na halimchubui, lakini halipitishi hewa, na mvua ikipiga upande linakuwa beseni. Kama hela ipo, badala ya kamba tumia mikanda mipana ya kufungia mizigo ya malori. Haimwachii mbwa alama tumboni, inakauka haraka, na kucha haziiwezi. Ndiyo nitakayotumia nikifumua tena.

Ukiweka kiganja pale alipotoka Kiboko kwenye kamba, hakuna kitu. Hewa inapita juu na chini, na tumbo lake lote liko wazi. Kwa ubaridi kamba haiifikii marumaru ya mchana wala mchanga uliolowa, ila inavishinda vyote viwili kwa usiku mzima, maana haipati moto kabisa. Kwa mifupa iko katikati: inabonyea na viwiko havisagwi, ingawa haina ulaini wa sponji. Kasoro yake kubwa ni kulegea. Wazee hawakukosea kuviita vitanda hivi teremka tukaze. Wiki ya kwanza tulikaza mara mbili, sasa mara moja kwa miezi miwili mitatu. Kuteremka Kiboko anateremka, shida ni kwamba anataka kusimamia kazi.

Na kupe. Hili wengi hawalifikirii wakati wa kununua. Kupe wa mbwa akishiba anashuka, anatafuta ufa, na jike anataga maelfu ya mayai humo. Hakai kwa mbwa muda wote, kwa hiyo kumwogesha mbwa na kuacha kitanda ni kazi bure. Godoro lina mishono na zipu, mbao zina nyufa, na mafundo ya kamba nayo ni maficho. Tofauti ni kwamba kitanda cha chuma na kamba unaweza kukimwagia maji yanayochemka kila wiki, ukakisimamisha juani, na jioni kimekauka. Jaribu hivyo kwa sponji ya inchi 6 masika: utakuwa na sponji mbichi hadi Jumatano. Na tafadhali usishuke kufulia ziwani. Kichocho kipo, na kinakuingia wewe uliyesimama majini, godoro halina habari.

Mahali pa kukiweka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakilaumu kitanda wakati kosa ni la jiwe.

Banda la kwanza la Kiboko nililiegemeza kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Lilinipunguzia ukuta mmoja, nikajiona mjanja. Sasa nenda kaguse jiwe la aina hiyo saa mbili usiku, baada ya siku ya jua. Ni vuguvugu kama sufuria iliyotolewa jikoni muda mfupi uliopita. Limekula jua mchana kutwa na usiku linalirudisha polepole, na anayelala ubavuni mwake ndiye anayelipokea. Nilipolisogeza banda mita nne kutoka hapo, kukwaruza mlango usiku kulipungua wiki ileile, na kitanda kilikuwa kilekile.

Upepo nao una ratiba. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kwa hiyo mlango wa banda unaotazama ziwa unapata upepo saa anazouhitaji zaidi. Ila kwa sehemu kubwa ya mji wetu ziwa liko magharibi, na jua la saa kumi litaingia na huo upepo. Mimi nimeotesha mpasheni juu ya waya mbele ya mlango: upepo unapita, jua linabaki kwenye majani. Juu ya bati nimetandika nyasi kavu, unene wa mkono. Ni kazi ya mchana mmoja, na ilishusha joto la bandani kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Baridi usiiogope. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai tunajifunika mablanketi. Mbwa wako ndipo anapofurahi. Hahitaji gunia wala shuka kuukuu la huruma.

Kwa hiyo, kama ningekuwa naanza leo na mbwa kijana, ningetengeneza kitanda cha kamba au mikanda kwa ajili ya usiku, nikamwachia sakafu ya jikoni mchana, na hela ya godoro ningenunulia nyasi za paa. Kwa mzee wa miaka minane kwenda juu ningeshusha kitanda hadi sentimita 12 ili asipande kwa shida, na kuongeza ile sponji ya inchi 3 usiku. Wa kwenye nyumba ya kupanga isiyo na uwanja anaweza kuwa na kitanda hichohicho cha kamba kwenye korido, na mkeka wa jeli kama mbwa si mchimbaji. Chochote utakachochagua, siku ukimkuta anahema bila kukoma, ulimi umekuwa mwekundu wa kuiva, mate yanavutika na miguu inayumba, acha habari za kitanda: mtoe kwenye joto, mmwagie maji ya bomba tumboni na miguuni, mpigie daktari wa mifugo huku mkiwa njiani.

Kipimo cha kitanda kichukue akiwa amelala ubavu miguu ameinyoosha, kutoka puani hadi shina la mkia, uongeze sentimita 20. Mimi nilimpima amejikunja. Sasa mkia unaning'inia nje ya fremu, na kuku wa jirani wanakuja kuudonoa.